Mtoto Anayekoroma: Hotuba ya Walimu, Siku ya Mtoto wa Afrika



Sisi walimu tumepewa dakika chache. Tumeona tuseme juu ya jambo lisiloonekana mchana: mtoto anayekoroma.

Wengi husema, "Anakoroma, basi usingizi umemkolea." Sivyo. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, akakata pumzi kidogo, kisha akashtuka akihema, huyo hapumziki. Mara nyingi njia ya hewa imezibwa na mafindofindo au nyama za nyuma ya pua zilizokua mno. Hewa ikikwama, oksijeni hupungua katika damu, na ubongo humwamsha nusunusu ili avute pumzi. Asubuhi hakumbuki lolote. Ugonjwa huu huonekana zaidi kati ya miaka 2 na 8, wakati ule ule ubongo unapojengwa. Wataalamu hukadiria mtoto 1 hadi 5 katika kila 100.

Mtu mzima akikosa usingizi husinzia. Mtoto mara nyingi huwa mtukutu, hatulii, na somo la jana limemtoka. Huitwa mzito wa kichwa, na wapo wasemao amerogwa. Mwingine hukojoa kitandani, akachapwa kwa hilo!

Mwaka 1998 daktari David Gozal alitoa matokeo ya kupima watoto 297 wa darasa la kwanza huko Marekani, wote walioshika mkia. Watoto 54 walikuwa na shida ya pumzi usingizini. Wale 24 walioondolewa tezi hizo walipanda alama mwaka uliofuata. 30 ambao wazazi wao hawakutaka matibabu walibaki palepale. Mwaka 2021, picha za ubongo za watoto zaidi ya 10,000 wa Marekani zilionyesha kuwa wanaokoroma mara kwa mara walikuwa na ubongo wa mbele mdogo kidogo katika baadhi ya sehemu, na huo ndio wa kujizuia na kupanga mambo. Tusitie chumvi: picha hazithibitishi kuwa kukoroma ndiko kulikoupunguza. Na uchunguzi wa 2013 uliona upasuaji ukituliza usingizi na tabia, bila kuongeza sana alama za majaribio ya umakini.

Wazazi wenzetu, msiwapeleke watoto kukatwa kimio. Kwa kawaida si kimio kinachoziba, na wembe ule huleta kutokwa damu na pepopunda. Moshi wa kuni na wa tumbaku utolewe mahali mtoto alalapo. Mwenye mtoto wa selimundu awe macho zaidi, maana hao hupatwa sana. Msikilizeni mtoto usiku mitatu, kisha mje mtueleze. Tutaandika barua ya kwenda nayo zahanati.

Ndugu wa mashirika, hapa hatuna daktari wa masikio, pua na koo, na rufaa hudai kibali cha kutoka kambini. Tunaomba mtoto anayekata pumzi usingizini aingizwe katika orodha ya rufaa, asiachwe kwa sababu mchana anaonekana akicheza mpira.