Simu ya Mkononi: Kuinunua kwa Haki na Kuitumia kwa Amana

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili ya kuvumbua na ulimi wa kubainisha. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyeandama njia yao kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu mliohudhuria, nanyi wasikilizaji mlio majumbani, nakuusieni pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, katika kuuza na kununua, katika kusema na kunyamaza.

Leo maneno yetu yahusu kitu ambacho karibu kila mmoja wenu amekuja nacho hapa, nacho ni simu ya mkononi. Huenda mtu akauliza, "Je, Shekhe, hili nalo ni la mimbari?" Jawabu ni kwamba chombo kinachopitisha mali za watu, maneno yao na siri zao hakiwezi kukosa hukumu katika dini. Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul-Israa kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na siku hizi masikio na macho yetu yako wapi, ila katika simu?

Hatukatai kwamba ni neema. Wazee wenzangu wanakumbuka namna mtu wa Kondoa au Mpwapwa alivyopanga foleni posta ili asikie sauti ya nduguye aliye Dar es Salaam. Leo mkulima wa Kongwa huuliza bei ya mahindi katika soko la Kibaigwa kabla hajapakia gunia hata moja. Na tangu mwaka 2008, ilipoanza huduma ya kutuma fedha kwa simu nchini, mama aliye Bahi hupokea masurufu kutoka kwa mwanawe kabla uji haujapoa. Lakini shukrani ya neema ni kuitumia inavyostahiki.

Jambo la kwanza ni kununua. Alinijia mama mmoja wa wilaya ya Chamwino, naye aliuza mbuzi watatu ili amnunulie bintiye simu ya kusomea chuoni. Muuzaji alimwambia kuwa ni mpya, akaitoa katika boksi lake. Haikutimia miezi miwili, simu ikawa haikai na chaji. Fundi alipoitazama akamwambia kwamba ilikwisha funguliwa zamani, na kioo chake si kile cha asili. Aliporudi dukani alijibiwa kuwa mali ikiuzwa hairudi. Risiti hakuwa nayo. Mbuzi watatu, ndugu zangu, kwa mjane wa Ugogo ni akiba ya miaka!

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita katika soko la Madina akakuta fungu la nafaka. Alitia mkono ndani, vidole vikapata majimaji. Mwenye nafaka akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Basi tazameni: nafaka iliyolowa haikuharamishwa kuuzwa. Kilichoharamishwa ni kuificha. Vivyo hivyo, kuuza simu iliyotumika ni halali. Kuiuza iliyotumika kwa jina la mpya ndiko kughushi. Na mafakihi wetu wamempa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kuirudisha bidhaa inapodhihiri ila iliyokuwamo tangu mwanzo. Bango la ukutani halimwokoi muuzaji aliyeijua ila hiyo akaificha.

Lakini mnunuzi naye amepewa akili. Kabla hujatoa fedha, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, yaani *#06#. Itatokea namba ya utambulisho wa simu yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda namba 15090, ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitofautiana na unachokiona mkononi, ondoka. Kumbukeni Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozifungia simu bandia: waliozinunua walibaki na vipande vya plastiki, na fedha zao zimekwenda. Tia laini yako uijaribu palepale. Dai risiti yenye namba hiyo na muda wa dhamana. Na ukiuziwa njiani kwa bei isiyoaminika, jiulize imetoka wapi. Anayenunua mali anayojua imeibwa ameshirikiana na mwizi.

Enyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa vyuo vingine, neno langu kwenu ni hili. Simu nzuri ni ile inayotosha haja yako. Ukipokea fedha ya kujikimu ukaimaliza yote kwa simu ya fahari, kisha ukala kwa kukopa muhula mzima, huo ni ufujaji, na Qur'ani imewafananisha wafujaji na ndugu za mashetani.

Na ukinunua kwa malipo ya kidogo kidogo, uliza mambo matatu: jumla yake ni kiasi gani, muda wake ni siku ngapi, na nikichelewa itakuwaje. Wanazuoni wengi wamejuzisha bei ya kulipa baadaye kuzidi ile ya taslimu, maadamu bei ni moja, imejulikana na kukubaliwa kabla ya kuachana. Lakini nyongeza inayoota kwa sababu umechelewa, hiyo ni riba.

Riba hiyo imeingia simuni kwa mlango mwingine, nao ni mikopo ya haraka. Mtu hubonyeza "nakubali" bila kusoma, naye hapo ametia saini mkataba, tena ameruhusu majina yote yaliyomo katika simu yake yachukuliwe. Akichelewa kulipa, wakwe zake na walimu wake hutumiwa ujumbe wa kumfedhehesha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Ndugu yangu, kabla hujaikimbilia simu, mwendee jirani akukopeshe kwa wema. Nawe jirani, usimfungie mlango, ukamwachia mla riba.

Jambo la pili ni maneno. Wote mnaujua ule ujumbe, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Umewala wasomi na wasiosoma. Ukiupata, usitume kitu. Peleka namba ya tapeli huyo kwenda 15040. Wala namba yako ya siri usimtajie yeyote, hata akijiita mhudumu wa kampuni.

Lakini yapo maneno ya uongo tunayoyasambaza sisi wenyewe. Nami sijitoi. Niliwahi kupokea ujumbe kwamba mzee mmoja wa Kondoa, mwalimu aliyenifundisha, amefariki. Nikaupeleka kwa watu kadhaa bila kuuliza. Baadhi yao wakatoza nauli zao kwenda mazikoni, wakamkuta mzee ameketi barazani. Nilimwomba radhi, akacheka. Lakini mkewe alikwisha kusikia habari ile akiwa safarini, akalia njia nzima. Amri ya Suratul-Hujurat ya kuhakikisha habari kabla ya kuitenda nilikuwa nikiisomesha kwa miaka mingi. Siku ile ndipo nilipojua kuwa sikuwa nimeisoma.

Nasema haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi, nanyi, na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, limebaki jambo la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote: mauti.

Fedha iliyomo katika simu ni mali. Inaingia katika hesabu ya zaka pamoja na fedha iliyo sandukuni na benki. Jumla yake ikifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, ukazungukiwa na mwaka, toa sehemu moja katika arubaini. Na mwenyewe akifa, fedha hiyo ni tirka: hulipiwa mazishi, madeni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane.

Sasa fikirini. Mtu anakufa ghafula barabarani. Simu yake imefungwa kwa namba ya siri anayoijua peke yake. Ndani yake mna fedha zake, fedha za kikundi alizowekewa amana, deni analodai na deni analodaiwa. Nimeketi katika matanga ya namna hii: watu wa kikundi wanadai, warithi wanakana, na mjane yuko katikati hajui lipi ni kweli. Hapana aliyekuwa mwongo. Kosa lilikuwa la marehemu, aliyeandika kila kitu mahali pasipofunguka.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni. Basi usiku wa leo kila mwenye nyumba achukue daftari aandike: nadaiwa hiki na fulani, namdai fulani hiki, nina fedha katika laini hii, na kati ya hizo kadha si zangu. Ashuhudishe watu wawili, daftari liwekwe anapopajua mkewe au nduguye mwaminifu. Namba ya siri haina haja kuandikwa. Na mtu akifa, warithi wasijitolee fedha kwa kutumia namba yake. Wafungue mirathi mahakamani, msimamizi aende na barua yake kwenye kampuni, kila mwenye haki apate haki yake.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utuepushe na kughushi na kughushiwa. Zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu na uongo. Tulipie madeni yetu kabla ya kutufisha, na uwarehemu waliotutangulia. Iteremshie nchi yetu mvua ya kheri na amani. Amin.

Simameni kwa Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni. Na mwenye simu aizime.