TUMWUZIE NANI, NA LINI?
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi



Hesabu za kikundi atazisoma Mweka Hazina, mimi sitazigusa. Nina jambo moja tu: mama mwenye mali ya kuuza amkubali mnunuzi yupi?

Jambo hili tunalijua kwa machungu. Vitunguu vyetu vya Mang'ola vikishang'olewa na kukauka, wanunuzi hufika shambani na malori, mmoja leo, mwingine kesho. Huyu anataja bei. Ukimkataa anakwenda kwa jirani, na harudi. Anayefuata hujui atataja ngapi, wala kama atakuja. Wenzetu wa upande wa Ngorongoro, ambao mifugo ndiyo shamba lao, wanayaona hayo hayo mnadani Karatu. Jua likishuka, ama uuze mbuzi, ama umswage kurudi naye nyumbani.

Wazee wametuachia methali, lakini methali zenyewe hazielewani. Subira huvuta heri, ila ngoja ngoja huumiza matumbo. Haraka haraka haina baraka, ila mchagua nazi hupata koroma. Sasa mtu ashike ipi?

Mimi nimeumia pande zote mbili. Mwaka wa kwanza wa kikundi nilimwuzia mnunuzi wa kwanza. Mtoto alikuwa anaripoti shule Jumatatu, hana godoro wala sanduku. Siku tatu baadaye jirani yangu akauza kwa bei nzuri zaidi, nami nimesimama natazama lori linavyopakia. Mwaka wa tatu nikasema, safari hii sidanganyiki. Nikakataa huyu, nikakataa yule, mpaka mvua ikanikuta na vitunguu vikaanza kuoza. Vilivyosalia niliuza kwa bei ya kutupa.

Binti yangu ni mwalimu wa hesabu. Akaniambia, "Mama, hilo lina kanuni yake." Mimi niliishia darasa la saba, nikamwambia basi nionyeshe kwa maharage. Nami nawaonyesha ninyi.

Tuseme wanunuzi ni watatu tu, mmoja ana shilingi 90,000 kwa gunia, mwingine 80,000, mwingine 70,000. Hujui nani atatangulia. Ukimwuzia wa kwanza siku zote, utampata yule bora mara mbili katika sita. Sasa fanya hivi: wa kwanza msikilize, usimwuzie. Baada yake, mwuzie yeyote atakayempita kwa bei. Asipotokea, chukua wa mwisho. Wanaweza kuja kwa namna sita:

90, 80, 70: unauza kwa 70.
90, 70, 80: unauza kwa 80.
80, 90, 70: unauza kwa 90.
80, 70, 90: unauza kwa 90.
70, 90, 80: unauza kwa 90.
70, 80, 90: unauza kwa 80.

Umempata bora mara tatu katika sita, yaani nusu. Na bei ya chini imekupata mara moja badala ya mbili. Wakiwa kumi, waache watatu wapite, kisha shika wa kwanza atakayewazidi hao. Utampata bora kama mara 40 katika 100, wakati anayemkubali wa kwanza tu humpata mara 10. Wakiwa wengi sana, waache kama 37 katika kila 100. Hao wa mwanzo ndio wanaokufundisha bei ya mwaka huo.

Hata wasomi wakubwa wamehangaika na hili. Johannes Kepler, Mjerumani aliyegundua kanuni za mwendo wa sayari, alifiwa na mkewe mwaka 1611. Akafikiria wanawake 11 wa kuoa, na mwaka 1613 akamwoa yule wa tano. Kwa watu 11, kanuni inasema uwaache wanne, uanze kuchagua kwa wa tano! Lakini yeye alizunguka mpaka wa mwisho ndipo akarudi kwa huyo wa tano, na bahati yake akakubaliwa. Lori la vitunguu, kina mama, halikusubiri hivyo.

Nina tahadhari tatu. Kwanza, linganisha kwa kilo. Anayetaja bei kubwa kwa gunia la lumbesi huenda ndiye wa chini kabisa. Pili, ukiwa na mtu wa kukupigia simu akuambie bei ya sokoni Arusha, huna haja ya kuwapitisha watatu ili ujifunze. Jiwekee bei yako, atakayeifikia mwuzie. Tatu, kanuni hii hukosa pia. Wakiwa kumi inakosa kama mara 60 katika 100. Kwa hiyo mwenzetu aliyefuata utaratibu akakosa tusimcheke, na aliyebahatisha tusimwite mjanja.

Sasa nafika penyewe. Ni nani anayeweza kuacha malori matatu yapite? Si yule ambaye mtoto wake anaripoti shule Jumatatu. Kosa langu la mwaka wa kwanza halikuwa ujinga wa hesabu. Ningeijua kanuni hii siku ile, bado ningemwuzia wa kwanza, kwa sababu sikuwa na cha kunishikilia. Ndiyo maana nasema akiba hainunui godoro tu, inanunua na siku za kusubiri.

Naleta pendekezo mbele ya wanachama. Kila mwaka kabla ya mavuno tutenge sehemu ya fedha zetu iwe mkopo wa kusubiria soko, urudishwe mara mali inapouzwa. Na uwe na kikomo cha wiki, ili asitokee wa kufanya kama mimi mwaka wa tatu, kukaa na tamaa mpaka mvua. Kiasi na wiki ngapi tutaamua kwa kura katika mkutano mkuu. Nawaomba mlifikirie mkiwa nyumbani, mje na maneno yenu.

Miaka kumi iliyopita tulikuwa tunauza kwa sababu ya shida. Kumi ijayo tuuze kwa sababu bei imefika.