Je, Mwanza Itafute Wageni? Viwanda, Wahamiaji na Ufukwe wa Ziwa Victoria



Swali nililopewa linasema hivi: je, mji wa viwanda unaoyumba ujitahidi kuvuta wahamiaji? Ni swali lililozaliwa ugenini, na likiletwa Mwanza jinsi lilivyo halitatufaa. Naomba nianze na huko lilikotoka.

Lewiston, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ulikuwa mji wa nguo na viatu. Viwanda vilipofungwa vijana waliondoka, na nyumba za kupanga katikati ya mji zikabaki bila watu. Kuanzia mwaka 2001 Wasomali wakaanza kuhamia. Baadaye walifuatwa na Wagosha, ambao miongoni mwao wamo Wazigua: watu ambao mababu zao walichukuliwa kutoka Tanga katika karne ya 19 wakapelekwa utumwani Somalia. Mwaka 2002 meya wa mji aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya ndugu zao kuja. Ndugu waliendelea kuja, wakapanga nyumba zile, wakafungua maduka katika mtaa wa Lisbon uliokuwa umepooza. Lewiston ilikuwa imepungukiwa watu, na wageni wakaziba pengo.

Mwanza haijapungukiwa watu. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa huu ukiwa na watu 2,772,509. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 3,699,872. Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Waha, Wakurya na Wahaya wamepandisha nyumba hadi juu ya mawe ya Mabatini na Igogo. Mwenye kiwanda Nyakato hana haja ya kwenda mbali kutafuta vibarua. Kwa hiyo tukisema tuvute wahamiaji, hatuna budi kueleza tunamvuta nani, naye aje na kitu gani ambacho sisi hatuna.

Historia ya mji wenyewe inatusaidia. Mwanza ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, na mji huu ulikua kwa pamba. Mkulima alikuwa Msukuma, na vinu vingi vya kuchambua pamba vilikuwa vya Wahindi. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928. Mwaka 1955 vyama vya ushirika, chini ya Paul Bomani, viliungana katika shirikisho la Victoria, ambalo baadaye lilianza kununua vinu hivyo kimojakimoja. Huo ndio urithi ulioangukia chama kikuu cha ushirika cha Nyanza. Wakulima hawakumfukuza mwenye kinu. Walimlipa, wakachukua kazi yake. Nautaja mfano huu kwa sababu mara nyingi mjadala wetu wa wageni huwa na milango miwili tu, kumkumbatia au kumtoa, na hapa wazee wetu walikuwa wamefungua wa tatu.

Mlango huo haukudumu. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na familia nyingi za Kihindi zikahama nchi, zikiwemo za Mwanza. Kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichokuwa mali ya umma, kiliendelea kwa muda, kisha soko huria na mitumba vikakielemea.

Uhai wa pili ulitoka majini. Sangara, ambaye kwa kweli ni mhamiaji wetu maarufu kuliko wote, alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu karibu awamalize, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni. Tuangalie wawekezaji wale walileta nini. Wakataji minofu walikuwa vijana wa hapahapa, na samaki walikuwa wetu. Walicholeta ni mnunuzi wa Ulaya na ujuzi wa kumridhisha. Umuhimu wa ujuzi huo ulionekana Ulaya ilipozuia samaki wetu mwishoni mwa miaka ya 1990: ilibidi usafi wa mialo na viwanda urekebishwe, na leo tuna maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi.

Hata hivyo viwanda kadhaa vya minofu vimefungwa, na vingine vinafanya kazi chini ya uwezo wake, kwa sababu sangara amepungua. Hakuna mhamiaji awezaye kumrudisha sangara ziwani, kama ambavyo hakuna awezaye kumshurutisha mkulima wa Magu alime pamba bei ikiwa mbaya. Nalisema hili mapema ili tusimbebeshe mgeni mzigo ambao si wake.

Majirani zetu wa ziwa moja wanalithibitisha, kila mmoja kwa upande wake. Jinja ilikuwa na umeme wa Owen Falls tangu mwaka 1954, kiwanda cha nguo cha Nytil, na karibu yake sukari ya Kakira ya familia ya Madhvani. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Mashine zilibaki na wafanyakazi walibaki, lakini vipuri, mikopo na wanunuzi vilikuwa katika mitandao ya waliofukuzwa, na mji ukasinyaa. Akina Madhvani walirudi Kakira mwaka 1985, na chini ya Museveni mali nyingi zikarudishwa kwa wenyewe. Kakira ilifufuka. Jinja kama mji wa viwanda haijawahi kurudi ilipokuwa. Wawekezaji wengi wapya walikwenda Kampala na pembezoni mwake. Kumfukuza mtu huchukua miezi mitatu, na kumrudishia imani huchukua kizazi.

Kisumu nayo haikumfukuza mtu, lakini kiwanda chake cha nguo, Kicomi, kilikufa vilevile katika miaka ya 1990. Mitumba haikuuliza nani ni mwenye kiwanda.

Sasa nije kwetu leo. Nendeni Mwaloni, Kirumba, mkaangalie viroba vya dagaa. Wanunuzi wanatoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mkongomani anajua dagaa wa namna gani anapendwa kwao, wafungashwe vipi, wauzwe kwa ujazo gani. Ananunua, anapakia, anaondoka, na faida ya kuchambua, kufungasha na kuweka nembo inapatikana kwingine. Mabondo ya sangara, yenye bei inayoipita minofu kwa mbali, nayo mengi huenda China yakiwa yamekaushwa tu. Huyu ndiye mgeni ninayemtaka: yule ambaye tayari anakuja kila msimu, ambaye ana soko mkononi, na ambaye kwa sasa hana sababu ya kubaki.

Je, akitaka kubaki, sheria inamruhusu? Julai 2025 serikali, baada ya malalamiko ya muda mrefu kutoka Kariakoo, ilitoa amri ya leseni inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Imo biashara ya rejareja na ya jumla, imo kuhamisha fedha kwa simu, imo kununua mazao shambani. Humo mimi sina ugomvi. Mgeni anayefungua duka la vyombo Makoroboi hatuongezei kitu. Anagawana wateja na mama ambaye angeuza vilevile. Lakini katika orodha hiyohiyo vimo viwanda vidogo sana na vidogo, na hapo ndipo tumekosea. Sera yetu ya biashara ndogo ya mwaka 2003 inakiita kidogo kiwanda chenye wafanyakazi hadi 49 na mtaji hadi shilingi milioni 200. Upande wa juu, Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilimtaka mgeni anayeomba cheti cha uwekezaji awe na mtaji usiopungua dola 500,000. Mfanyabiashara wa Bukavu mwenye uwezo wa kuweka banda la kufungasha dagaa na kuajiri watu 20 amezuiwa chini, na juu hafiki. Atakachofanya kinajulikana: atatafuta Mtanzania wa kuazima jina, wote wawili wavunje sheria, na halmashauri isione kodi wala mafunzo.

Kuna jambo jingine ambalo maofisa wetu hawapendi kulisikia. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga, msako wa wahamiaji haramu, iliwaondoa makumi ya maelfu ya watu Kagera, Kigoma na Geita, baadhi yao wakiwa wameishi hapa miaka mingi. Siingii katika uhalali wake. Nasema tu kwamba mtu anayekumbuka mwaka ule hafungi mashine kwenye sakafu ya zege. Ataendelea kununua kwa viroba, kwa sababu kiroba kinabebeka.

Jibu langu, basi, ni kwamba Mwanza haina haja ya kampeni ya kuvuta wahamiaji kama miji ya Marekani. Inahitaji wageni wachache, wa viwanda vidogo vya kusindika, wenye soko na ufundi, na inahitaji kuwapa kibali kinachoeleweka na cha miaka ya kutosha. Masharti yawepo, tena makali: mbia Mtanzania mwenye hisa za kweli, vijana wa VETA na wa chuo cha uvuvi Nyegezi wafundishwe kazi humo ndani, na mbia apewe haki ya kununua hisa zilizobaki baada ya muda watakaokubaliana, kama shirikisho la Bomani lilivyonunua vinu.

Naiomba semina hii iziombe Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela ziiandikie Wizara ya Viwanda na Biashara, zikipendekeza kipengele cha viwanda vidogo kifanyiwe marekebisho ili mgeni mwenye mbia raia aruhusiwe kusindika mazao ya ziwa na pamba. Vipengele vingine 14 vibaki vilivyo.