Kutoka Tuta hadi Simu

Msikilizaji, ukisimama Kingolwira, kando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam, milima ya Uluguru iko mbele ya macho yako. Huko juu, Matombo, Julai 1955, wakulima waligomea matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Kazi ilikuwa ya sulubu, na jembe lilifukua udongo wa chini usio na rutuba. Mawe yakarushwa, risasi zikajibu, mtu akafa. Mpango wa matuta ukaachwa.

Habari siku zile ilipita kwa mdomo, ukoo kwa ukoo. Kila aliyefika kwenye mgomo alijulikana ni mtoto wa nani.

Agosti 2012, Msamvu, mjini Morogoro, mwendo wa daladala tu kutoka Kingolwira, polisi walitawanya wafuasi wa chama cha upinzani cha Chadema. Aliyekufa? Muuza magazeti. Kisha Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, vijana wa miji kadhaa waliingia barabarani wakiwa wameitana kwa simu. Intaneti ikazimwa nchi nzima.

Wazee husema vijana wa leo hawana adabu. Sikubali, babu zao nao walirusha mawe. Tofauti ni kwamba hasira ya 1955 ilikuwa na anwani: tuta. Ukilifuta, watu wanarudi shambani. Hasira ya leo ni kura, ni ajira, ni mengi kwa pamoja, na haina mzee wa ukoo wa kumwendea usiku.

Viongozi wetu wa Morogoro, iteni vijana kikaoni sasa, wakati bado wanaitika.