Ndege ya Vita Katika Karakana Yetu

Hotuba ya mwalimu wa karakana ya useremala katika kikao cha mwaka cha kamati za parokia na wafadhili



Nimeombwa nieleze habari za kile kitu mlichokiona kimening'inia darini mlipoingia ukumbini asubuhi. Najua kimeleta maneno. Katika kikao cha robo iliyopita mzee mmoja, mjumbe wa kamati yetu, alisimama akauliza kwa nini vijana wanaolelewa na kanisa wanapewa kazi ya kutengeneza ndege ya vita, tena kwa fedha za wafadhili. Mwenyekiti akaniagiza nilete majibu. Haya ndiyo majibu, ingawa sehemu kubwa si yangu, ni ya mzee mwenyewe, naye ameniruhusu kuyasema mbele yenu.

Nianze na fedha, maana najua ndizo zinazosubiriwa. Ndege imetengenezwa kwa fomubodi, zile bodi nyepesi zenye povu jeupe katikati na karatasi pande zote mbili, ambazo mafundi wa mabango hupenda kuzitumia. Unene wake ni milimita 5. Fundi mmoja wa mabango mjini alitupa bure vipande vilivyobaki. Kilichonunuliwa ni gundi, nyembe za kukatia na rangi, na vyote vimo katika taarifa ya mhasibu mliyogawiwa.

Sasa kwa nini ndege? Kila mwaka tunapopokea wanafunzi wapya wa useremala huwa tunawapa kwanza kazi ya kupima na kukata kitu cha bei nafuu. Mbao ni ghali, na ubao ukishakatwa mfupi haurefuki. Miaka ya nyuma tulikuwa tunatengeneza mfano wa nyumba. Lakini nyumba ni pembe za mraba tupu, na mwanafunzi anaweza kubahatisha akapata. Safari hii vijana wenyewe waliomba ndege, na mmoja wao alikuwa na picha ya Hurricane, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili iliyotengenezwa na kampuni ya Hawker. Nilikubali bila kufikiri sana. Hapo nakiri kosa: nilipaswa kuileta kwanza kwenye kamati.

Hurricane halisi ina mita 12.19 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili. Tukachukua kipimo cha moja kwa kumi na mbili, kwamba kila sentimita 12 za ndege ziwe sentimita 1 kwetu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wengi wa vijana hawa walimaliza darasa la saba wakiwa wameachana na hesabu kwa amani. Sasa walikuwa wakigombania penseli. Mabawa yakatoka mita 1 na sentimita kama mbili hivi, na mwili, ambao kwa ndege halisi ya aina waliyoichagua ni mita 9.84, ukawa sentimita 82.

Kukata fomubodi kuna adabu yake. Unapotaka ikunje, unakata karatasi ya juu na povu, unaiacha karatasi ya chini iwe bawaba. Unapotaka ipinde kama bawa, unabandua karatasi ya upande wa ndani, halafu unaikunja taratibu juu ya kipande kirefu kilichosimama katikati kama mhimili, unatia gundi ya moto ukingoni na kushikilia mpaka ipoe. Wembe ukiwa butu haukati povu, unalichana, na ukingo unakuwa kama mkate uliomegwa. Tulibadilisha nyembe nyingi, na mhasibu anazo risiti.

Nilipowaeleza vijana kwamba nusu ya nyuma ya Hurricane halisi haikuwa bati, bali kitambaa kilichovutwa juu ya mbao na mabomba ya chuma kisha kikapakwa dawa ya kukikaza, walidhani nawatania. Binti mmoja wa darasa la ushonaji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kumbe na fundi cherehani alikuwa na sehemu yake. Tangu siku hiyo akawa mmoja wetu. Ile mistari mnayoiona ubavuni kuelekea mkiani, kama mbavu chini ya ngozi, ni nyuzi zake alizozibandika kabla ya rangi.

Kwenye rangi tulipata hasara. Kijana mmoja alileta kopo la rangi ya kupuliza akidhani itaharakisha mambo. Rangi ile ina kiyeyushi, na kiyeyushi kinakula povu. Pale ambapo karatasi ilifunika haikuonekana kitu, lakini kwenye kingo zilizokatwa povu lilinywea huku tunalitazama, na mkia wote ukaharibika. Tukaukata upya. Kuanzia hapo tulitumia rangi ya maji, ile ya ukutani, kwa mikono myembamba mitatu, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine, na tukipaka pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja tu karatasi inavimba, na bodi inajikunja kama kigae.

Juu walipaka kijani kibichi na kahawia, chini kijivu. Kisha wakachora alama za duara kwenye mabawa kama zilivyo pichani: bluu, nyeupe, na jekundu katikati. Zilipendeza. Wiki hiyo hiyo, baada ya kile kikao, mzee wetu alikuja karakana.

Vijana walisimama wakamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, akazunguka meza kimya. Nilisubiri aanze kunikaripia. Badala yake aliweka kidole kwenye lile duara jekundu akauliza nani ameweka hili. Kijana akajibu ndivyo picha ilivyo. Mzee akasema baba yake alikuwa askari wa Keya, King's African Rifles, na alikwenda Burma. Huko, alikuwa akiwaambia wanawe, ndege yenye jekundu ilikuwa ya adui. Ya kwetu haikuwa na jekundu hata tone.

Sikulijua hilo. Nilikwenda kusoma, nikakuta baba yake hakukosea. Ndege za Japani zilikuwa na duara jekundu kwenye mabawa. Ili askari wasizichanganye, kuanzia 1943 ndege za Waingereza katika eneo la India na Burma ziliondolewa jekundu, zikabaki na bluu iliyoiva na bluu nyepesi katikati. Picha ya kijana wetu ilikuwa ya ndege za Ulaya.

Na hao askari walikuwa wengi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa na vijana kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, na alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Kuanzia Agosti 1944 waliteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika, kwenye tope na malaria, wakiwafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin. Barabara ilikuwa haipitiki. Chakula na risasi viliangushwa kutoka angani, na Hurricane zilitangulia mbele kupiga mabomu. Mji wa Kalewa waliufikia mwanzoni mwa Desemba. Waliofia huko bila kaburi linalojulikana wameandikwa majina kwenye ukumbusho wa Taukkyan, nje ya Yangon, pamoja na wenzao wa jeshi lile, karibu majina 27,000.

Vijana walipaka upya zile alama. Bluu nyepesi haikuuzwa mjini, wakaichanganya wenyewe, na mzee akawa anakuja kila alasiri kuangalia kama imefanana na alivyosimuliwa. Alikuwa akikaa kwenye kiti kile cha magurudumu matatu mazima na moja bovu, ambacho naikumbusha kamati kwamba tumekiombea fedha za matengenezo mara mbili.

Lakini nisiwape picha kwamba mzee ameondoa swali lake. Hakuliondoa. Vijana walikuwa wametengeneza mabomu mawili kwa karatasi ngumu, ya kufunga chini ya mabawa, moja kila upande, kama ndege hizo zilivyobeba. Mzee aliyaona akakataa. Alisema baba yake alishukuru kila mara ndege zilipopita juu yao kwenda mbele, na kwamba alipita pia pale mabomu yalipoanguka, na hayo ya pili hakuyasimulia ila mara moja, akiwa mgonjwa. Kijana mmoja akamjibu kwa heshima, "Babu, tukiyaacha, watu watadhani ilikuwa ndege ya kubeba abiria." Mzee akanyamaza kwa muda, akasema huyu naye ana neno.

Walibishana siku mbili, wala sikuingilia. Mimi binafsi naegemea upande wa kijana, ila sijawahi kumwambia mzee, nadhani leo amesikia.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, ndege iko juu, imepakwa ilivyotakiwa, na chini ya mabawa kuna nafasi mbili tupu. Mabomu yamo katika kasha la viatu pale mezani kwa mhasibu. Kamati ikiamua yafungwe, ngazi ipo na gundi ipo. Ikiamua yasifungwe, vijana wanaomba waelezwe sababu na mzee mwenyewe, siyo kwa barua.