Kidonge Hubadilika Kikiwekwa



Sisi wa Utemini, mjini Singida, tu jirani na maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai. Lakini chumvi hata ikitoka wapi, kila mama wa nyumbani ajua tabia yake: wakati wa kiangazi humiminika kama mchanga, mvua zikija na kupita, huonekana imeshikamana koponi kama jiwe, wala hapana mtu aliyeishindilia.

Sababu ni hii. Hewa ikiwa na unyevu kupita robo tatu ya ule iwezao kuuchukua, chumvi huunyonya, na punje huyeyuka kidogo mahali zinapogusana. Jua likiwaka maji hukauka, na chumvi ile iliyoyeyuka huganda, ikawa kama daraja baina ya punje na punje.

Basi, kidonge cha dawa nacho ni unga, ulioshindiliwa kwa mashine; njia hiyo iliandikishwa Uingereza na William Brockedon mwaka 1843. Mara nyingi ndani yake hutiwa wanga mkavu, ili ukikutana na maji ya tumbo ufure na kukipasua kidonge. Unyevu ukitangulia kuingia, huweza kutokea moja katika mambo mawili. Ama wanga hufura mapema, kidonge kikalegea na kumeguka mkononi. Ama madaraja kama yale ya chumvi hujengeka, kikawa kigumu kuliko kilivyotoka kiwandani.

Hiki cha pili ndicho kidanganyacho zaidi. Kwa macho ni kizima, bali tumboni huchelewa kupasuka. Mgonjwa amemeza dawa, wala dawa haikumfikia. Ndiyo maana wapimaji hutaka vidonge vya kawaida, visivyopakwa kitu juu, vipasuke katika maji ya vuguvugu kabla ya dakika 15 kwisha.

Kwa hiyo tusivitoe vidonge vyote katika karatasi zake kabla ya wakati, wala tusiviweke karibu na jiko au mtungi. Tarehe iliyopigwa chapa ni ahadi kwa kidonge kilichofungwa na kutunzwa vema. Kikibadilika rangi, harufu au ugumu, tukirudishe zahanati. Tusikiponde na kumpa mtoto.

Chumvi iliyoganda twaweza kuiponda, na mchuzi ukakolea kama kwanza. Dawa sivyo.