Cha Juu Chenye Karatasi

Msikilizaji, kama umewahi kuuza kiwanja Dar es Salaam, neno "cha juu" unalijua. Mwenye mali anataka milioni 80, dalali anamtajia mnunuzi milioni 95, na zile 15 za katikati anabaki nazo yeye. Leo nazungumza na ndugu zetu mlioko Marekani, mnaouza nyumba mlizozilipia kwa zamu za usiku. Huko nako cha juu kipo, tena kina karatasi zake. Mojawapo ni mkataba wa novesheni.

Unakuta barua mlangoni: tunanunua nyumba kama ilivyo. Anakuja mtu mstaarabu, mnakubaliana, tuseme, dola 200,000. Unalala ukijua umepata mnunuzi, kumbe mwenzako hana nia ya kuishi humo wala kuilipia. Katika mkataba umemruhusu apake rangi, apige picha, aitangaze nyumba sokoni. Ikitokea familia yenye mkopo wa benki inayotoa 245,000, mkataba wenu wa kwanza unafutwa na unaandikwa mwingine kati yako na familia hiyo. Mkataba mpya kushika nafasi ya ule wa zamani, wahusika wote wakiridhia, ndiyo novesheni. Siku ya kukabidhiana unapokea 200,000 zako. Kinachozidi, gharama zikishatolewa, ni chake.

Huo si wizi. Yupo muuzaji ambaye paa lake linavuja, fedha za fundi hana, na utaratibu huu unamwokoa. Ninachokipinga ni giza: mzee wa watu kuiona bei halisi ya nyumba yake mara ya kwanza akiwa mezani, siku ya kusaini hati ya mwisho.

Mtaambiwa msiwe na hofu, kwa kuwa novesheni haiwezekani bila ridhaa ya muuzaji. Ni kweli. Lakini isomeni ile karatasi ya kwanza. Mara nyingi ridhaa hiyo mmeshaitoa humo, ama kwa kuahidi kusaini mnunuzi akipatikana, ama kwa kumpa huyo bwana mamlaka ya kusaini kwa niaba yenu. Na wengine hupeleka taarifa ya mkataba ofisi ya kaunti ikaandikishwa, ukitaka kumuuzia mtu mwingine unakuta nyumba imefungwa.

Halafu kuna mafundi. Akiwaleta asiwalipe, wanaweza kuweka dai juu ya nyumba, na hati bado ina jina lako.

Baadhi ya majimbo yameamka. Illinois mwaka 2019 iliwataka wanaofanya biashara hii ya mikataba mara kwa mara wawe na leseni ya udalali, na Oklahoma ikatunga sheria yake mwaka 2021. Kwingine ni wewe na wakili wako. Nasema wakili wako, si yule aliyeletwa na mnunuzi.

Basi muulize akiwa bado sebuleni kwako, chai haijapoa na kalamu haijagusa karatasi. Bei ya mwisho nitaonyeshwa? Mafundi wanalipwa na nani, na lini? Siku 90 zikipita bila mnunuzi, utainunua mwenyewe au utaniachia nyumba yangu? Majibu ayaandike humo humo kwenye mkataba, kisha ndipo usaini.